Kahawa ya Tatu

Mwezi wa Agosti mji wetu hujaa watu wanaoupenda. Miezi kumi na moja iliyobaki tunakaa humo sisi wengine.

Wanakuja kutoka Austria, Ujerumani na Slovenia, na magari waliyoyaosha kabla ya mpaka ili yaingie Adica, mji wetu huu wa Bosnia, yakimeta. Wanafungua madirisha ya nyumba za ghorofa tatu ambamo mwaka mzima hulala buibui tu. Wanasimama darajani, wanautazama mto Krivaja, wanasema duniani hakuna maji kama haya, kisha wanakwenda dukani kununua maji ya chupa. Jioni wanatufundisha kuwa Wabosnia. Sisi tuliobaki tumelegea, wanasema, lakini wao huko ugenini mila wameishika kwa meno. Tunaitikia kwa kichwa. Aliyekuja na zawadi hakatizwi.

Agosti ninayoisimulia ni ya mwaka 2005, na safari hiyo mila waliyokuja kuishika kwa meno ilikuwa mimi.

Habari aliileta Shangazi Zejna, dada wa marehemu baba yangu. Aliingia jikoni siku ya Jumanne bila kubisha hodi, akakaa kwenye kiti changu. Mimi nilikuwa nimesimama natandaza unga wa pai, ule unaovutwa kwa mikono mpaka maua ya kitambaa cha meza yaonekane chini yake. Bibi Hatka, mama yake Shangazi, aliyenilea tangu vita, alikuwa dirishani anamenya viazi kwa kupapasa, maana jicho lake moja limefunikwa na ukungu na la pili linafikiria kulifuata.

"Mama," Shangazi akasema, "Mungu kafungua mlango."

"Ufunge, nzi wanaingia."

"Nasema kweli. Rifet, mtoto wa Fahira. Wa kule Linz. Anaweka vigae, ana gari, hana mke. Anatafuta msichana wa nyumbani."

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Mwaka juzi alikuwa na thelathini na tisa."

"Huko Austria watu hawazeeki ovyo, mama. Wana bima."

Bibi akaninyooshea kidevu. "Na mwenyewe anasemaje?"

Wakanigeukia wote wawili. Unga ukatoboka katikati. Nilikuwa na maneno, tena mengi, lakini maneno yangu ni kama paka wa jirani: ukiyaita hayaji. Nikaanza kuziba tundu.

"Unaona?" Shangazi akapiga paja. "Hajakataa. Kimya cha mwanamwali ni ridhaa. Hayo si yangu, ni ya dini."

Kwa hesabu hiyo mimi nimekuwa nikiridhia tangu kuzaliwa. Niliridhia vita. Niliridhia kuacha shule darasa la pili, kwa sababu ilipofunguliwa tena nilikuwa na miaka kumi na mbili na magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Kila Julai naridhia kuosha madirisha ya nyumba ambazo wenyewe watafika Agosti na kulalamika kwamba vioo vina michirizi.

Mpango wa Shangazi ulikuwa mzuri kwa kila mtu ambaye hakuwamo. Mimi nitakwenda Linz kukaa ghorofa ya sita na Rifet na mama yake. Bibi atahamia kwa Shangazi mtaa wa juu, kwenye kile chumba cha nyuma ya jiko wanachowekea mitungi ya kabichi ya siki. Nyumba yetu ya mtoni itafungwa kwa kufuli na kufunguliwa Agosti, kama nyumba za watu wenye bahati.

Kila asubuhi, hata kabla ya salamu, Bibi huniuliza, "Maji yamefika wapi?" Nami natoka kibarazani, natazama, nikirudi namwambia: yamefika jiwe la kufulia, au yamelipita, au jiwe la bata liko kavu kabisa. Hayo ndiyo mazungumzo yangu marefu ya siku, na kwa hayo Bibi anajua kama kuni zipandishwe juu au zibaki chini. Mtaa wa juu hakuna mto wa kuuliza. Nililifikiria jambo hilo siku nne mfululizo, na kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyozidi kujua kwamba siendi Linz. Nilichokuwa sijui ni nani atawaambia.

Bibi alidhani ananifanyia wema. "Hapa kuna nini kwa ajili yako?" aliniambia siku ya Ijumaa, kinu cha kahawa kikiwa kati ya magoti yake. "Kiwanda cha mbao kimefungwa. Vijana waliobaki ni wale ambao hata Ujerumani imewarudisha. Nikifa mimi utabaki na bata."

Bata si watu wabaya, nilitaka kusema. Nikamwongezea buni kinuni.

Hapa inabidi niseme kidogo juu ya kahawa, maana bila hiyo mambo ya Jumamosi, siku ya posa, yataonekana ni ya wendawazimu, na yalikuwa ya watu wenye akili zao.

Kwetu mgeni hunywa mara tatu. Ya kwanza ni ya karibu, huja na vipande vya sukari na halua ya waridi. Ya pili ni ya maneno, huja na keki za shira, na ndiyo inayochukua muda kuliko zote. Ya tatu huja bila kuombwa: nusu finjani, kali, haina sukari, haina chochote pembeni. Jina lake limetoka kwenye tusi la Kituruki ambalo Bibi hulitamka waziwazi na imamu hulimung'unya. Mgeni akiiona huinywa, hushukuru, hutafuta viatu vyake. Kuna watu humpa mgeni jembe siku ya tatu. Sisi hatungoji siku.

Zamani msichana asiyemtaka mchumba aliiruka ile ya pili, akaileta ya tatu mapema. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyelia. Bibi mwenyewe aliwaondoa watatu kwa njia hiyo, na mpaka leo tukipita makaburini huwasalimia kwa majina.

Na kuna jambo moja ambalo halisemwi katika nyumba yoyote ya Adica. Watu wa hapa watakuambia hawana kazi, hawana mkate, hawana mguu. Hawatakuambia hawana kahawa. Majira ya baridi ya mwaka wa pili wa vita Bibi alikaanga shayiri. Shayiri ilipokwisha akakaanga dengu. Dengu zilipokwisha akachoma ganda la mkate, akalisaga, akalichemsha, akampelekea mama mmoja aliyekuja kuuliza habari za mwanawe. Yule mama akanywa, akasema, "Hatka, kahawa yako haina mfano." Kisha wakalia wote wawili, lakini si kwa sababu ya kahawa.

Basi nilikuwa na lugha. Mdomo wangu mzito, ila mkono wangu haujawahi kumwaga tone.

Jumamosi Shangazi alifika tangu asubuhi na gauni la binti yake, lililonibana kwapani, na maagizo. "Usiiname kama unakamua ng'ombe. Usimwangalie machoni, lakini usionekane kama humwangalii. Na ukiulizwa, nyamaza. Hicho angalau unakiweza."

Baada ya alasiri wakaja watatu. Fahira mbele, marashi yakimtangulia hatua mbili. Rifet katikati. Nyuma yao Ami Avdo, kaka wa marehemu baba yake Rifet, aliyeletwa kusema kwa sababu ana sauti. Wakavua viatu mlangoni. Fahira akaweka mezani pakiti ya kahawa iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu, kilo nzima, maana kwetu hakuna aendaye kwa mtu mikono mitupu.

"Nyumba ya kale!" Fahira akasema, akakaa kwenye kochi karibu na mwanawe. "Nainusa tu, nalia. Huko tunabonyeza mashine, kahawa inatoka. Lakini nyumbani kwangu mimi, Hatka, mila ni mila. Mwulize Avdo."

"Ni mila," Ami Avdo akasema.

"Rifet nimemlea kwa mila."

"Naona bado unamlea," Bibi akasema.

Rifet ni mtu mkubwa, mwenye saruji nyeupe kwenye kucha, na alikuwa anaitazama sakafu yetu kama daktari anavyomtazama mgonjwa. Hatimaye akasema, "Imeinama. Sentimita mbili, kuelekea mtoni."

"Inakwenda kunywa maji," Bibi akamjibu.

Nikaleta ya kwanza, na sukari yake na halua yake. Nikiwa nimeinama na sinia wakaanza kuzungumza juu yangu, kama watu wanavyozungumza juu ya ng'ombe mnadani, ila ng'ombe angalau huonwa meno.

"Anapika?" Fahira akauliza.

"Kupitia unga wake unaweza kusoma gazeti," Shangazi akasema.

"Anasafisha?"

"Nusu ya madirisha ya mji huu ni mikono yake. Hata yako."

"Yangu yalikuwa na michirizi."

"Anaongea?" Ami Avdo akauliza.

"Anaongea, kwa adabu."

"Mbona sijamsikia."

"Ndiyo adabu yenyewe."

Fahira akaanza kumweleza Bibi habari za Linz. Ghorofa ya sita, lifti mbili, moja huwa nzima. Dirishani unaona maegesho yote ya magari, mpaka mwisho.

"Mto hakuna?" Bibi akauliza.

"Upo, tena mkubwa, una meli. Hatuendi. Mbali, na huko mtoni huna mtu unayemjua."

Nikarudi jikoni. Keki za shira alizoleta Shangazi zilikuwa tayari sahanini, ishirini na nne, kila moja na nusu ya lozi juu kama kifungo. Nikazifunika kwa kitambaa. Nikachukua kibirika kidogo cha shaba, nikaweka vijiko vya kahawa kwa ukarimu na maji kwa uchoyo, nikaiacha kahawa ifure mara mbili, nikamimina nusu nusu.

Shangazi alipoziona finjani zile nusu, rangi ikamtoka usoni. Bibi hakuziona, lakini alinusa, na mkono wake uliokuwa ukitafuta leso ukasimama hewani, kama mtu aliyesikia wimbo wa ujana wake ukipita barabarani.

"Oho, nyingine tena!" Fahira akasema. "Hatujaomba, kaleta! Avdo, unauona mkono mwepesi?"

Akaonja. Nikangoja.

"Na haina sukari! Nani kamwambia mimi nina kisukari? Ni wewe, Zejna?"

"Mimi... hapana."

"Basi ni moyo wake tu. Msichana kanitazama, kajua. Mashallah!"

"Kali, safi," Ami Avdo akasema, akilamba mdomo. "Kule hii unailipia, tena unainywa umesimama."

Nilisimama pale na sinia tupu, nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: mtu unaweza kumfukuza kwa adabu ikiwa tu na yeye anayo.

Shangazi akanifuata jikoni, akanishika kiwiko. "Unataka kuniua?" akanong'ona. "Kahawa ya nenda-zako! Kabla ya keki! Kabla hata hawajasifu mapazia!"

Nikatazama bomba la maji.

"Bahati yako hawajui kitu. Wamesahau! Alhamdulillahi, wamesahau!" Akazifunua keki, akatoka nazo huku akitabasamu kuanzia mlangoni.

Nikachemsha ya nne, kali zaidi, nikaimimina nusu vilevile. Fahira akasema msichana kama huyu haonekani siku hizi. Nikachemsha ya tano. Ami Avdo akasema hiyo lazima kwanza amwombe daktari wake ruhusa, akainywa bila ruhusa. Kila nilipopita mbele ya Bibi alinigeuzia sikio, kama anavyoligeuzia mto siku za mvua.

Nikaenda mlangoni kwenye viatu. Viatu vya mgeni kwetu hugeuzwa ncha zielekee nje, ili asihangaike navyo, lakini hilo hufanywa mgeni akishasimama kuaga. Mimi niliviinamia wao wakiwa wamekaa, mlango wa sebule ukiwa wazi, nikavigeuza kimoja kimoja, polepole, nikavipanga mstari kama watu wenye safari.

"Avdo! Tazama! Anageuza viatu!" Fahira akashika kifua. "Nilidhani mila hii imekufa. Kule mabinti hata viatu vyao wenyewe hawajui viko wapi." Machozi ya kweli yakamtoka. Rifet alivitazama viatu vyake muda mrefu, akanitazama mimi, akarudi kwenye sakafu.

Ng'ambo ya njia jirani yetu Razija alikuwa dirishani, anamwagilia chungu kimoja cha maua tangu alasiri. Nadhani maua yenyewe yalikuwa yameshazama.

"Hatka!" akaita. "Wageni bado wapo?"

"Wapo."

"Nimeona kama finjani ya tatu imepita zamani!"

"Na ya tano."

"Mungu awape afya!"

"Awape na ya miguu," Bibi akasema.

"Majirani gani wazuri hawa," Fahira akasema. "Huko kwetu hakuna anayekuombea afya."

Ndipo Ami Avdo alipofuta shira vidoleni na kusafisha koo, na sote tukajua sasa anafanya kazi aliyoletewa. "Kwa amri ya Mungu na sunna ya Mtume," akasema, na vioo vya kabati vikaitikia, "tumekuja kumwomba Zumra kwa ajili ya Rifet wetu. Bibi Hatka, unasemaje?"

"Mimi nimeshaolewa," Bibi akasema. "Mwulizeni yeye."

"Binti, umesikia. Unasemaje?"

Nikafungua mdomo. Hewa ikaingia. Haikutoka na kitu. Nilisikia saa ya ukutani, nilisikia Krivaja chini ya dirisha, ukisema na kusema, lakini hakuna aliyekuwa ameuuliza mto.

"Kanyamaza," Shangazi akasema haraka, kama mtu anayefunga duka. "Kimya ni ridhaa."

"Alhamdulillahi!" Fahira akasema.

"Fatiha," Ami Avdo akasema.

Wakainua viganja. Fatiha ina aya saba, na hata mtoto aliyeishia darasa la pili anajua ni fupi. Viganja vikishapangusa uso maneno yamefungwa, na kuyafungua tena ni aibu ya mitaa miwili na vizazi vitatu. Nikaliona kufuli mlangoni mwetu. Nikamwona Bibi amekaa kati ya mitungi ya kabichi, anauliza maji yamefika wapi, na Shangazi anamjibu, maji gani, mama?

Lakini Fahira akashusha viganja kidogo. "Ngoja, Avdo. Jambo kama hili halifungwi juu ya finjani tupu. Zumra, mwanangu, tuletee nyingine moja ya kufungia maneno. Kama hiyohiyo, isiyo na sukari."

Hapo likatoka. Sijui vizuri kwa nini. Labda swali la ndoa ni kubwa mno kwa mdomo kama wangu, lakini maswali ya kahawa nimeyajibu maisha yangu yote.

"Kahawa imekwisha," nikasema.

Sauti yangu ilinishangaza mwenyewe. Ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Ng'ambo ya njia kopo la kumwagilia likaanguka.

Shangazi akacheka. Alicheka peke yake mpaka akaona hakuna anayemsaidia. "Anatania," akasema. "Ana utani sana huyu, basi tu hamjamzoea."

Viganja vya Fahira vilibaki hewani. Miaka ya Linz ilikuwa imemwosha mambo mengi, lakini hili lilikuwa limebaki chini kabisa, kwenye mfupa, na nililiona likipanda, shingoni, mashavuni, mpaka kwenye macho. "Imekwisha?" akasema. Macho yale yakaenda mezani, kwenye pakiti yake ya karatasi ya dhahabu, haijafunguliwa. Sote tukaitazama, isipokuwa Bibi. "Hatka. Msichana anasema kahawa imekwisha. Nyumbani kwako."

Bibi alikaa wima. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa kwa ajili yake. Shayiri, dengu, ganda la mkate. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "Mtoto kakosea," na heshima yake ingerudi mahali pake, na mimi ningekwenda pangu, ghorofa ya sita.

Akanyoosha mkono. Ukapapasa kitambaa cha meza, ukapita vipande vya sukari, ukapita sahani ya keki, ukaigusa pakiti. Karatasi ya dhahabu ikalia chakarachakara. Akaivuta taratibu, akaiweka mapajani, akaifunika kwa aproni yake.

"Imekwisha, Fahira," akasema.

"Na niliyoileta mimi?"

"Nayo imekwisha."

Fahira akasimama. "Avdo, viatu," akasema, na sikuwahi kumsikia mtu akilitamka neno viatu kwa uchungu kama ule. Havikuwachukua muda. Vilikuwa vimeshaelekea nje.

Rifet alitoka wa mwisho. Akachuchumaa kufunga kamba, mimi nikiwa nimesimama pale na sinia.

"Ile ya tatu niliielewa," akasema chini chini.

"Basi mbona ulikunywa ya nne?" Maneno hayo yalitoka bila shida yoyote. Inaonekana yale ya kwanza ndiyo yaliyokuwa yameziba njia.

"Mama alikuwa amekalia koti langu." Akainuka. "Hiyo sakafu, iwekeeni kabari upande wa mtoni." Akawafuata wenzake. Nilimwonea huruma mtu yule, ingawa si kiasi cha kuolewa naye.

Shangazi alituapia kwamba hatavuka tena kizingiti chetu mpaka siku ya maziko. Hakusema ya nani. Alirudi Jumatatu, kwa sababu sahani ya keki ilikuwa yake na habari zote zilikuwa kwetu.

Fahira aliueleza mji mzima kwamba wao ndio waliokataa. Msichana mzuri, alisema, mikono ya dhahabu, lakini ana mdomo. Sentensi mbili katika miaka ishirini na moja, na sasa mimi ndiye mwanamke mwenye mdomo wa mtaa wa mtoni. Sikatai, imenisaidia. Mchinjaji wetu siku hizi hanipi mifupa mitupu.

Na kahawa? Kabla ya magharibi Adica yote ilijua kwamba nyumba ya Hatka imeishiwa. Wakaanza kuja, na sauti za msibani, kila mmoja na pakiti kwapani. "Pole, Hatka." "Ni mapito, Hatka." "Ungetuma mtoto hata kwetu, Hatka." Hadi Jumanne kabatini zilikuwamo pakiti kumi na saba, pamoja na ile ya karatasi ya dhahabu, ambayo Bibi alikataa kuifungua na alikataa kuirudisha. Na asikudanganye mtu, aliona aibu. Siku tatu hakukaa dirishani. Nilimwekea chakula, alikula kwa kugeukia ukuta, na asubuhi hakuniuliza kitu. Mimi nilitoka kibarazani nikautazama mto hivyohivyo, nikarudi, nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza nilitamani kuulizwa.

Jumatano nilikuwa nawasha jiko niliposikia kiti chake kikiburutwa kurudi dirishani.

"Maji yamefika wapi?"

"Jiwe la kufulia," nikasema. "Jiwe la bata lina bata."

"Basi saga," akasema. "Naambiwa tuna ya kusaga."

Mchana akaja Razija na pakiti ya kumi na nane. Alikunywa ya kwanza akitoa pole. Alikunywa ya pili akiuliza: aliifunika kwa aproni? Aproni ipi, hii? Na Fahira alisemaje, kwa maneno yake mwenyewe? Na Zejna alichekaje? Hebu nionyesheni alivyocheka. Ilipofika alasiri Bibi akaninyooshea kidevu, nami nikaleta nusu finjani.

Sinia halijagusa meza, Razija ameshaimeza na yuko mlangoni, mguu mmoja kiatuni.

"Umemwona?" Bibi akasema mlango ulipofungwa. "Huyu hajatoka Adica hata siku moja. Ona alivyolelewa."